Tadbiri ya Nyumba Katika Shule za Isiolo

Maziwa ya ngamia huwasili mjini Isiolo kila siku kutoka malishoni, yamejaa katika madumu yaliyofukizwa moshi, na baada ya kukaguliwa, kuchujwa na kupozwa, mengi yake hupakiwa katika mabasi na kusafirishwa yapata kilomita 285 hadi Nairobi, ambako wanunuzi wa mtaa wa Eastleigh huyangojea. Wenye kuiendesha biashara hii aghalabu ni wanawake, na ushirika wao unaojulikana sana ni ule wa Anolei. Mtu akiitazama kazi yao kwa makini atabaini kwamba ndani yake mna elimu ya usafi, elimu ya joto na vijidudu, hesabu ya faida na hasara, na tadbiri ya wakati. Yaani mna karibu kila jambo ambalo mwalimu wa sayansi ya nyumbani hutaka kumfunza mwanafunzi wake. Pamoja na hayo, mtoto wa mmoja wa wanawake hao aweza kuimaliza shule ya msingi asisikie hata mara moja ujuzi wa mama yake ukitajwa darasani kuwa ni elimu.

Zamani upungufu huo haukuwa na madhara makubwa, maana mtoto wa Kiborana, wa Kisomali, wa Kisamburu au wa Kiturkana aliyapata maarifa ya nyumbani palepale nyumbani, akitumwa, akikemewa, akitazama na kujaribu. Shule ilipokuja ilimtwaa kutoka jikoni na zizini. Tangu miaka ya 1970 serikali ya Kenya ilijenga katika nchi kavu shule za bweni za gharama nafuu, ili watoto wa wafugaji wasome bila ya kukatizwa na safari za mifugo. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini mtoto alaye bwenini sehemu kubwa ya mwaka hajui moto ulivyowashwa, wala maji yalivyotafutwa, wala kiasi cha unga kilichobaki ghalani. Kwa hiyo shule iliyomwondoa mtoto nyumbani ina deni kwake: sharti imrudishie, kwa njia ya mafundisho, yale ambayo angeyapata nyumbani, na tena imzidishie sababu na hoja ambazo nyumbani hazikuelezwa.

Sayansi hii ya nyumbani ina asili ya heshima. Huko Marekani mmoja wa waasisi wake alikuwa Ellen Swallow Richards, bingwa wa kemia na mwanamke wa kwanza kupokewa kuwa mwanafunzi katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, ambaye alipima usafi wa maji ya mito na visima kabla ya kuongoza mikutano ya Lake Placid iliyoanza mwaka 1899, ambayo matunda yake yalikuwa chama cha uchumi wa nyumbani cha nchi ile, kilichoundwa rasmi mwaka 1909. Kenya nayo haikuchelewa sana. Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete mwaka 1925, na walimu waliokwenda kusoma huko walifuatana na wake zao, nao wake wakafundishwa malezi, usafi na kazi za nyumba. Na mwaka 1952 kikaanzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoeneza ushoni, upishi na afya ya watoto vijijini. Ila mafundisho hayo yalikuwa na nakisi mbili. Kwanza, yaliifanya tadbiri ya nyumba kuwa shughuli ya wanawake peke yao; pili, hayakufika kaskazini ila kwa nadra, kwa kuwa Wilaya ya Mpakani ya Kaskazini, ambayo makao yake ya utawala yalikuwa hapa Isiolo, ilikuwa nchi iliyofungwa kwa sheria, isiyoingiwa wala kutokwa bila ya kibali.

Baada ya uhuru somo hili lilipanda na kushuka. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliipa sayansi ya nyumbani nafasi katika shule za msingi pamoja na ukulima, sanaa na ufundi, na wazazi wakachanga fedha kujenga vyumba vya masomo hayo. Lakini mzigo wa mitihani ulionekana kuwa mzito, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo likaondolewa katika mtihani wa darasa la nane. Kilichotokea baadaye kilitarajiwa, maana lisilotahiniwa aghalabu halifundishwi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza katika madarasa ya chini mwaka 2019, ulilirejesha somo, na baada ya kamati ya rais iliyoongozwa na Profesa Raphael Munavu kutoa ripoti yake mwaka 2023 na kushauri masomo yapunguzwe, sayansi ya nyumbani ikaunganishwa na ukulima katika somo moja la kilimo na lishe. Kwa mkulima wa Meru muungano huo ni dhahiri; kwa mfugaji wa Merti au Garba Tula utakuwa na maana endapo tu mwalimu ataanza na mifugo, maziwa na nyama, kisha afike kwenye mboga na mahindi.

Tuitazame nyirinyiri, chakula ambacho hakuna arusi wala safari ndefu ya kaskazini isiyokijua. Nyama ya ngamia au ya ng'ombe hupasuliwa vipande virefu vyembamba, ikaanikwa kambani ipigwe na upepo mpaka ikauke, kisha hukatwakatwa vipande vidogo sana, ikakaangwa polepole katika mafuta hadi mtokoto wa maji ukome, ikatiwa hiliki au kitunguu saumu, na mwisho ikahifadhiwa chomboni ikiwa imefunikwa na mafuta yake. Nyama iliyotengenezwa hivyo hukaa miezi bila ya jokofu. Mpishi hodari anajua kwamba haiharibiki. Ni juu ya shule kueleza kwa nini. Vijidudu viozeshavyo nyama huhitaji maji, na kuanika na kukaanga kumeyaondoa. Moto umeviua vilivyokuwamo. Na mafuta yaliyogandamana juu yamezuia hewa na uchafu visiingie. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwa macho yake, akapima uzito wa nyama kabla ya kuanikwa na baada yake, akaandika tofauti, amesoma sayansi, hesabu na upishi kwa pamoja, tena kwa chakula anachokipenda.

Kadhalika katika maziwa. Kufukiza chombo kwa moshi wa miti maalumu ni hekima ya kale, inayopunguza vijidudu na kuyapa maziwa ladha na maisha marefu. Lakini moshi haumlindi mnywaji na brusela, ugonjwa uletwao aghalabu na maziwa mabichi, wenye homa za kurudiarudia, jasho na maumivu ya viungo. Kinga yake ni joto: maziwa yakipashwa hadi nyuzi 63 na kudumishwa hapo kwa dakika 30, au hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, vijidudu hivyo hufa, na mahali pasipo kipimajoto kuyachemsha kunatosha. Hapa mwalimu anahitaji busara, kwa kuwa wazee wengi huamini kwamba maziwa yaliyochemshwa yamepoteza nguvu, na mtoto akirejea nyumbani kwa dharau atafukuzwa jikoni, ilhali akirejea na adabu na hoja atasikilizwa. Vilevile kila mtoto afahamu kutengeneza maji ya kumnusuru mwenye kuhara: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari visivyo na kilima, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vipimo hivyo vichache huokoa maisha, nao wajibu wa kuvijua haubagui mvulana na msichana.

Katika jambo hili la wavulana, mila yenyewe inatuunga mkono. Waborana huigawa mifugo yao sehemu mbili: wale wakamwao kwa matumizi ya kila siku hubaki karibu na makazi, na wengine hupelekwa mbali katika kambi za fora, ambako vijana wa kiume hukaa miezi mingi, wakijikamulia, wakijipikia, wakigawa maji na kutibiana. Kijana wa fora asiyejua tadbiri ya chakula hujitia hatarini yeye na wenzake. Basi asemaye kwamba jiko si mahali pa mwanamume hajawasikiliza wazee wa Isiolo.

Limebaki suala la fedha, ambalo katika nchi ya ukame ni sehemu ya lishe. Kati ya mwaka 2020 na 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na mifugo mingi ikafa mikononi mwa watu ambao, kama wangaliuza baadhi yake mapema ikiwa bado na nyama mwilini, wangalipata akiba ya kununulia unga na malisho. Kuamua wakati wa kuuza, kujua bei ya mnadani, kuandika mapato na matumizi ya nyumba, kutofautisha hitaji na anasa: haya yote yafaa kufundishwa mtoto angali darasani, kwa hesabu za mbuzi na ngamia anaowajua.

Wapo wasemao kwamba shule zetu ni maskini, kwamba hazina majiko wala vyombo, na kwamba vifaa vinavyotakiwa na mtaala mpya huwaelemea wazazi. Malalamiko hayo ni ya haki maadamu somo linafundishwa kwa vitu vya kununuliwa kutoka mbali. Lakini jiko la mawe matatu, kamba ya kuanikia, mzani, kipimajoto na daftari si vitu vya kuishinda shule, na walimu wa ziada wapo tayari: ni akina mama wa sokoni na wazee wa mifugo, ambao wakialikwa kwa taadhima kuja kufundisha mbele ya mwalimu, wataleta ujuzi usiopatikana katika kitabu chochote. Maafisa wa elimu wa kaunti wauruhusu mwaliko huo rasmi na kuutengea saa katika ratiba; walimu waupime ujuzi wa mtoto kwa kazi aliyoifanya kwa mikono yake; na wazazi waache kuliita somo hili la walioshindwa. Shule itakayofanya hivyo itatoa vijana wanaoweza kuendelea na masomo ya juu au kurejea malishoni, na katika hali zote mbili wakaziendesha nyumba zao kwa afya, kwa akiba na kwa heshima.