Picha ni Shahidi Bubu

Tumezoea kusema kwamba picha haidanganyi. Juma hili, ndugu msomaji, napenda tuipime kauli hiyo kwa picha tatu za kale zilizopigwa mahali pamoja: mbele ya jumba la kumbukumbu ya Rais Abraham Lincoln, jijini Washington, Marekani.

Lincoln ndiye aliyetia saini, tarehe 1 Januari 1863, tangazo la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyokuwa yameasi. Ndani ya jumba hilo lenye nguzo 36 imewekwa sanamu yake ya marumaru, ameketi, akiwatazama wanaopanda ngazi.

Picha ya kwanza ni ya siku ya ufunguzi, tarehe 30 Mei 1922. Unaona jengo jeupe na umati mkubwa. Ukiishia hapo utadhani taifa zima lilisherehekea kwa pamoja. Kumbe wageni weusi walitengewa viti vyao kando. Hata Robert Moton, Mmarekani mweusi aliyekuwa mkuu wa chuo cha Tuskegee, alihutubia baada ya kutakiwa ayaondoe maneno makali katika hotuba yake.

Picha ya pili ni ya Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 1939. Mwanamama mweusi, Marian Anderson, anaimba mbele ya vipaza sauti vingi. Alikuwa amenyimwa ukumbi mkubwa wa jiji hilo, Constitution Hall, kwa sababu ya rangi yake. Basi akaimba nje, bila kiingilio. Walihudhuria watu wapatao 75,000, weusi kwa weupe, na mamilioni wengine wakamsikia redioni.

Ya tatu ni ya tarehe 28 Agosti 1963. Martin Luther King anahutubia watu wapatao 250,000 wanaodai kazi na haki sawa. Siku hiyo Marian Anderson naye alikuwapo, akaimba tena.

Jengo ni lile lile na ngazi ni zile zile. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kusimama wapi, na hilo huwezi kulijua kwa macho peke yake. Ndiyo maana wahifadhi wa Maktaba ya Bunge la Marekani hawatunzi picha tupu. Huandika pia tarehe, mahali na jina la mpiga picha kila linapojulikana. Bila maandishi ya namna hiyo, wajukuu wa wale waliotengwa mwaka 1922 wangeweza kuonyeshwa picha ile na kuambiwa kwamba babu zao waliketi sawa na wengine.

Mimi naamini picha ni shahidi wa kweli, ila ni shahidi bubu. Ukiletewa picha ya kale ya sherehe za taifa lolote, soma kwanza maelezo yaliyo chini yake. Kisha uliza ni akina nani hawaonekani, na walikuwa wamewekwa wapi.