Majengo Bingwa kwa Kubana Umeme

Ukiuliza jengo lipi ni bingwa wa dunia, wengi watakutajia Burj Khalifa la Dubai, mita 828, na tangu lifunguliwe 2010 hakuna lililolifikia. Lakini mabishano ya mipango miji siku hizi yameacha urefu na kuhamia kwenye umeme: jengo linakula kiasi gani, na nani anabeba bili. Hapo mabingwa ni wengine.

Wa kwanza kwangu ni Eastgate la Harare, Zimbabwe, lililofunguliwa 1996. Msanifu Mick Pearce na wahandisi wa Arup walitakiwa kujenga maduka na ofisi zisizotegemea mitambo mikubwa ya viyoyozi, na Pearce akaenda kutazama vichuguu vya mchwa. Harare iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hupoa vizuri. Feni huvuta hewa hiyo ya baridi na kuipitisha chini ya sakafu za zege, kwenye njia zenye meno ya zege ili hewa iguse eneo kubwa zaidi. Usiku kucha zege linapoa. Kukicha, sakafu hiyo hiyo ndiyo inayopoza hewa inayoingia ofisini, na hewa ya joto hupanda ikatokea kwenye madohani 48 yaliyosimama juu ya paa. Madirisha ni machache na yamekingwa jua. Jengo lilipolinganishwa na mengine sita mjini humo, lilionekana kutumia nishati pungufu kwa takriban 35%, na wenyewe waliokoa kama dola milioni 3.5 za mitambo ambayo hawakuinunua. Miaka mingi baadaye watafiti Scott Turner na Rupert Soar walionyesha kwamba kichuguu hakipitishi hewa vile Pearce alivyodhani. Hilo halikulipunguzia jengo kitu. Hesabu yake ya hewa ilikuwa sahihi.

Lakini usinakili Eastgate Mombasa wala Dar es Salaam. Usiku wa pwani haupoi kiasi hicho, na unyevu ni mwingi. Dawa ya pwani ni kivuli na upepo, na tunayo tangu zamani. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883 na Sultani Barghash, hutajwa kuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwashwa umeme. Mimi naliheshimu zaidi kwa veranda zake pana, zinazozuia jua lisigonge kuta. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na pale tulipoteza somo la ujenzi pamoja na historia.

 

Wapo pia mabingwa wanaojizalishia umeme: nyumba ya Heliotrope, iliyojengwa na msanifu Rolf Disch mjini Freiburg, Ujerumani, mwaka 1994, huzunguka kulifuata jua, na inatajwa kuwa ya kwanza duniani kuzalisha nishati nyingi kuliko inayoitumia. Kwetu, Umoja wa Mataifa ulizindua ofisi zake mpya za Gigiri, Nairobi, mwaka 2011, kukiwa na paneli za sola juu ya paa na nafasi ya wafanyakazi 1,200. Lengo lilikuwa jengo lijitosheleze kwa umeme kwa mwaka mzima.

Bingwa wa ukarabati ni Empire State, New York, la tangu 1931. Madirisha yake 6,514 yalitolewa, yakatengenezwa upya ndani ya jengo lenyewe, kwenye ghorofa ya tano, kisha yakarudishwa. Ukijumlisha na kazi nyingine, matumizi ya nishati yalilengwa kushuka kwa karibu 40%. Wanaokimbilia kubomoa majengo ya zamani wangeanza kwa kuitazama hesabu hii, kwa sababu saruji na chuma vya jengo jipya navyo vimekula nishati kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia.

Minara ya vioo inayoota katika miji yetu ya joto haitaingia kamwe kwenye orodha hii: kioo kinaingiza jua, kiyoyozi kinapambana nalo kutwa. Halmashauri zinazotoa vibali vya ujenzi zidai hesabu ya umeme pamoja na ramani, na zikatae jengo lisilo na kivuli.