AC YA DIRISHA UNAYOUZIWA WAWI INA UMRI GANI? SOMA KIBATI, USISOME KUTU



Nimeona bora hili niliandike mara moja, maana naulizwa sana. Kijana anataka kufungua saluni au duka la kompyuta hapa Wawi, anaambiwa kuna AC ya dirisha ya mtumba imetoka Dubai, "haijatumika hata miaka mitatu". Anatoa pesa. Baada ya mwezi anashangaa Tukuza inakula unit kama haina adabu, na gesi ikiisha fundi anamwambia hiyo gesi ni ya shida.

Jamani, umri wa AC hausomwi kwa rangi wala kwa kutu. Sisi tumezungukwa na bahari, chumvi inakula bati la nje na zile mbavu za aluminiamu haraka sana. AC changa iliyokaa ufukweni inaweza kuonekana kikongwe, na kikongwe kilichopigwa rangi kikaonekana bwana harusi. Cha kusoma ni kile kibati cha maelezo. Mara nyingi kiko ubavuni au nyuma ya ule uso wa mbele ukishautoa. Kama kimebanduliwa, mimi ningeondoka hapo hapo.

1. JINA LA KAMPUNI

Jina linakupa mpaka wa miaka. GoldStar ilibadilika kuwa LG mwaka 1995, kwa hiyo kibati chenye LG hakiwezi kuwa cha 1988 hata muuzaji aape. Kibati kilichoandikwa Fujitsu General ni cha 1985 au baadaye. National ni ya Matsushita wa Japani, na kuanzia 2003 walianza kuliacha jina hilo nje ya Japani wakabaki na Panasonic.

Lakini jina peke yake halitoshi. Marekani LG waliendelea kuuza AC za bei nafuu kwa jina la Goldstar hata miaka ya 2000. Twende mbele.

2. NCHI NA UMEME

Ukiona "West Germany" ujue ni kabla ya Oktoba 1990, Ujerumani zilipoungana. Alama ya CE kwa vifaa hivi ni ya miaka ya 1990 kuja juu. Anwani ya tovuti kwenye kibati? Hiyo pia si ya zamani.

Hapo hapo tazama volti na Hz. Umeme wetu ni volti 230, Hz 50. Dubai na Oman ni Hz 50 pia, hizo hazina tatizo. Saudia ni Hz 60. Mota ya Hz 60 ukiileta kwetu inazunguka polepole kwa kama asilimia 17, inapata joto, na baridi inapungua. Ya Marekani ya volti 115 ukiichomeka ukutani moja kwa moja, umeiunguza.

3. GESI

Hapa ndipo penye pesa yako. Kibati kinasema R-22, R-410A au R-32.

R-22 ndiyo gesi ya AC nyingi za dirisha za zamani. Marekani walikataza kuitumia kwenye AC mpya kuanzia 2010, kwa hiyo mashine ya soko la kule yenye R-22 kwa kawaida ni ya kabla ya hapo. R-410A ilianza kuuzwa kwenye AC mwaka 1996. R-32 ilianza Japani mwaka 2012, hivyo yenye R-32 ni changa.

Kwa nini ujali? R-22 inatoboa tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 unaipunguza hatua kwa hatua. Kwa nchi kama yetu ilisimamishwa isiongezeke 2013, ikakatwa asilimia 10 mwaka 2015, 35 mwaka 2020, 67.5 mwaka 2025, na itakatwa 97.5 mwaka 2030. Maana yake gesi inakuwa adimu na bei inapanda. Fundi akikwambia "tutie R-410A tu, ni sawasawa", kataa. Presha yake ni kubwa zaidi kwa kama asilimia 60, mabomba na kompresa ya R-22 havikutengenezwa kwa hiyo. Na anayetaka kutia gesi ya kupikia mfukuze kabisa, hiyo inawaka moto.

4. SERIALI NAMBA

Kila kampuni ina mtindo wake. Carrier tangu 1980: namba mbili za mwanzo ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. 2398 ni wiki ya 23 ya 1998. LG: namba ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi. 503 ni Machi ya 1995, 2005 au 2015. Utajuaje ipi? Rudi kwenye gesi. Ikiwa R-410A, 1995 imetoka.

5. NDANI

Kapasita mara nyingi ina namba nne, mwaka na wiki: 0417 ni wiki ya 17 ya 2004. Ikiwa changa kuliko kibati, ujue ilibadilishwa. Ukikuta maandishi "No PCBs" ni mashine ya mwisho wa miaka ya 1970 au baadaye. PCB ni mafuta ya sumu yaliyokuwa yakitiwa ndani ya kapasita, Marekani ilipiga marufuku kuyatengeneza 1979. Kapasita ya zamani inayovuja usiiguse kwa mkono. Na yoyote ile inashika umeme hata baada ya kuchomoa plagi, mwachie fundi.

HESABU YA TUKUZA

Kibatini chukua BTU ugawe kwa wati. AC ya 18,000 BTU inayokula wati 2,250 inakupa 8, huyo mzee. Inayokula wati 1,640 inakupa 11. Zikifanya kazi saa 8 bila kupumzika, ya kwanza inakula unit 18, ya pili kama 13. Kwa mwezi tofauti ni karibu unit 146. Huo "urahisi" wa mtumba unaulipa kidogo kidogo bila kujua.

Msimamo wangu: ya R-22 iliyo chini ya 9 usinunue, hata ukipewa kwa bei ya chai. Piga picha kibati, fanya hesabu, kisha ndiyo uzungumze bei.

Wadau wa Muscat na Dubai mnaotuma mizigo nyumbani, tazameni kibati huko huko kabla hamjapakia. Na wenye vibati vya kampuni nyengine tupeni mtindo wa namba zake hapo chini kwenye maoni, tufaidike sote.