Ndeke ya Lufira, tuliifuata na bwato

Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa tatu, mvua ingali inanyesha. Kutoka Likasi tulifuata barabara ya Lubumbashi mpaka Kapolowe, na mbele ya jua kutoka tulikuwa tayari pembeni ya maji. Papa mwenye bwato alitupokea na neno moja: «Bapapa, mukae chini. Bwato haipende mutu wa kusimama.»

Tukakaa. Tukaingia polepole katikati ya matete ya ziwa Tshangalele.

Nchi zingine watu wanaangalia ndege pembeni ya bahari, kwenye maji yenye kupanda na kushuka kila siku. Huku kwetu maji yanapanda na mvua, yanashuka na kiangazi. Tena ziwa hili ni mtoto wa kazi yetu ya migodi: Lufira ilifungwa pale Mwadingusha, na tangu 1930 maji yake yanatoa umeme wa kugeuza mashini za shaba. Wazee wetu walichimba, maji yakajaa, ndege wakafika.

Kwanza tuliona mbayuwayu, wale wengi wanaita hirondelle, wamejipanga juu ya matete kama wafanyakazi wenye kungojea bisi. Mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, hata betri ya taa yako ya kichwa inamushinda. Lakini mwezi huu wa tatu na wa ine wanarudi Ulaya, kule baridi inaanza kuisha. Watavuka pori kubwa, Sahara na bahari.

Mwingine haendi popote. Ni kandege ka kushona nyumba juu ya maji. Dume ni manjano, uso mweusi. Wenye elimu wanamuita Ploceus ruweti. Mwaka wa 1960 Ruwet alikamata mmoja huku Lufira. Kwa karibu miaka 50 wataalamu walijua huyo mmoja tu. Ni mwaka wa 2009 ndipo Louette na Hasson waliandika kama ameonekana tena. Duniani pote, kwao ni huku kwa Lufira.

Tulipofika penye nyumba zao zenye kuning'inia, tulimuuliza papa kama ni yeye, sababu wako wengine wa kufanana naye. Akacheka: «Balisema ilipotea? Shiye tunaionaka kila mwaka, wakati ya mvua.»

Tulinyamaza. Kitu cha kujulikana na wavuvi, vitabu vilikitafuta nusu karne.

Lakini hatukurudi na furaha tupu. Mto Panda unapita Likasi, unaingia Lufira, na Lufira inaingia ziwani. Maji machafu ya usine na ya kusafisha mawe yanafuata njia hiyo hiyo. Wataalamu walishapima, wakakuta shaba na kobalti kwenye matope na kwenye samaki wa huku. Samaki hao wanauzwa Likasi na Lubumbashi. Ni sisi tunawala, na watoto wetu. Ndege anakula hapo hapo, lakini yeye hawezi kwenda kununua kwingine.

Hatuseme watu waache kazi. Kazi ndiyo inalipa masomo ya watoto. Tunasema: mwenye usine asafishe maji yake mbele ya kuyaacha, na sisi wenye kuchimba tusioshee mawe kwenye kijito chenye mama fulani anateka maji chini yake.

Na siku ya mapumziko, kama uko na nafasi, peleka mutoto wako Kapolowe. Mupande bwato asubui, mukae kimya. Umuonyeshe ile nyumba ya majani juu ya maji, umuambie: wenye hii nyumba hawana inchi ingine. Na sisi vilevile.