Kazi Imfuate Mtu, Hata Akizeeka



Katika viwanda na mashamba tumezoea kusikia neno hili: "Mzee fulani amechoka, atafutiwe njia." Njia yenyewe huwa ni ya kutokea getini. Ni mara chache mtu kuuliza kama meza ya mzee huyo ni fupi mno, au kama gunia analobebeshwa ni zito mno hata kwa kijana.

Tutazame walivyofanya Ujerumani, katika kiwanda cha magari cha BMW kilichoko Dingolfing, jimbo la Bavaria. Mwaka 2007 wakuu wa kiwanda walipiga hesabu, wakaona kwamba baada ya miaka kumi umri wa wastani wa wafanyakazi wao ungepanda kutoka miaka 39 hadi 47. Wakachukua mstari mmoja wa kuunganisha giaboksi, wenye wafanyakazi 42, wakaupanga kwa watu wa umri huo wa mwaka 2017. Wenzetu hawakupendezwa. Vijana waliogopa kucheleweshwa na wazee, wazee waliogopa kuondolewa katika kazi waliyoizoea, na mstari ukapewa jina la utani: mstari wa wastaafu. Ilibidi baraza la wafanyakazi lishirikishwe.

Kisha wafanyakazi wenyewe wakaulizwa: unaumia wapi? Hapo ndipo mambo yalipoanza kutengenea. Sakafu ngumu ilikuwa ikiwaumiza magoti; ikawekwa ya mbao, nao wakapewa viatu maalumu. Vikaletwa viti kama vya kinyozi, mtu aweze kufanya kazi ameketi. Meza zikawa za kupandisha na kushusha kulingana na kimo. Penye vipande vidogo zikafungwa lenzi za kukuzia, na maandishi ya kwenye skrini yakakuzwa. Watu wakabadilishana vituo ndani ya zamu ili bega moja lisichoshwe kutwa nzima, na kila siku wakanyoosha viungo. Mabadiliko yote yalikuwa kama 70. Vifaa viligharimu kiasi cha yuro 20,000, yaani pungufu ya bei ya gari moja la mkurugenzi! Katika mwaka mmoja uzalishaji wa mstari ule ulipanda kwa asilimia 7, na siku za kukosa kazi kwa ugonjwa zikapungua.

Asilimia hiyo 7 tunaitaja kwa tahadhari. Mwajiri akiisikia, jambo la kwanza atakalotaka ni kuongeza kima cha kazi, na nafuu yote ya mgongo itakuwa imeliwa.

Nguvu za misuli hupungua polepole. Mtu akipita miaka arobaini macho huanza kushindwa na vitu vya karibu, na mzee huhitaji mwanga mwingi kuliko kijana. Hayo si uvivu. Tunawajua wenzetu wa cherehani wanaotunga uzi kwa kubahatisha, wala hawasemi, wakihofia kuachishwa. Pengine taa moja ya mezani na miwani ingemaliza shida yao.

Na mashambani je? Huko hakuna skrini, kuna mizigo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo Na. 128: pale ambapo mwanaume mzima hubebeshwa peke yake zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe upesi kushusha uzito huo. Gunia la kahawa ya kuuzwa nje kwa kawaida ni kilo 60. Dawa yake haina ufundi mkubwa: toroli, jukwaa la kupakilia lenye kimo cha gari, au gunia dogo zaidi.

Kuna pia Pendekezo Na. 162 la mwaka 1980, linalowahusu wafanyakazi wenye umri mkubwa. Linataka kazi ilinganishwe na mfanyakazi, na ujira usihesabu kasi peke yake bali pia ujuzi na uzoefu. Wachumaji wanaolipwa kwa kilo wanaelewa uzito wa maneno hayo: mkono ukipunguza mwendo, mshahara hushuka siku hiyo hiyo, hata kama jani lilichumwa vizuri kuliko la mtu mwingine yeyote. Mapendekezo haya hayamfungi mwajiri kama sheria, lakini yanafaa kuwekwa mezani.

Makatibu wa matawi, kabla ya mazungumzo ya mkataba wa hali bora, pimeni magunia kwenye mizani, pimeni kimo cha meza, waulizeni wazee wanaumia wapi, kisha andikeni. Majina yao msiyapeleke ofisini, pelekeni vipimo.