Kindi Kwenye Chungu cha Jirani

Ukitoka Tanga mjini ukapita Muheza na kupanda Amani, au ukishuka na pwani hadi Pangani, kindi humkosi: yumo kwenye minazi, kwenye miembe ya uani, kwenye vichaka vinavyozunguka mashamba. Mkulima humlaumu kwa kufukua mbegu za mahindi kabla hazijaota, watoto humwinda kwa manati, na zipo kaya ambazo humbabua manyoya, humchemsha kwa chumvi na kumlia ugali bila kuona ajabu. Pengine nyumba ya pili yake tu wapo watu ambao wakisikia habari hiyo hutema mate chini. Ninavyoona mimi, wanaotema mate wana haki kamili ya kutokula, lakini sababu wanayoitoa haisimami. Kinyaa kimekaa mahali pa hoja, kikatuziba macho tusiyatazame yenye uzito wa kweli: mnyama huyo ameuawaje, ameshikwaje, na ametoka msitu gani.

Dharau ya kitoweo cha mwenzako ina historia ndefu hapa Tanga. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yalipopanuka Korogwe, Muheza na Pangani yalihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwepo. Wakaja manamba, kutoka Songea, Newala, Kigoma, hata Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na malori yakaendelea kushusha watu kambini. Kila kundi lilifika na ngoma zake na vyungu vyake. Mmakonde na Mmakua walitoka kwao ambako panya wa shambani ni kitoweo cha kumkaribishia mgeni. Mwenyeji wa pwani alimjua panya wa darini tu, akashangaa. Hapo yakazaliwa maneno ya utani ambayo hadi leo husikika sokoni na vijiweni. Utani wa makabila una utamu wake na umewaunganisha wengi, ila ukishageuka kipimo cha nani mstaarabu na nani mshenzi, huo si utani tena. Na anayecheka asisahau kwamba yeye mwenyewe anakula pweza, ngisi, taa na papa mkavu, vitu ambavyo wafugaji wengi wa bara hawawezi hata kukaa navyo karibu. Nje ya Afrika mambo ni hayo hayo. Kindi amepikwa vizazi kwa vizazi na wawindaji wa Kentucky kule Marekani, na huko uwindaji wake una leseni na msimu. Wakati huo huo, katika miji ya nchi hiyo hiyo, watu humrushia karanga bustanini na wangeumia moyo kusikia kaliwa.

Aliyebanwa na hoja hiyo hukimbilia dini. Hapa inafaa twende polepole, maana wengi wanaitaja sheria ambayo hawajaiuliza. Waislamu wa pwani yetu kwa sehemu kubwa ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, na katika fikihi ya madhehebu hayo kindi, anayetajwa vitabuni kwa jina la sinjabu, amehesabiwa miongoni mwa wanyama halali, kama alivyo sungura. Panya ndiye aliyekataliwa, kwa sababu yumo katika wale viumbe watano waharibifu ambao hadithi imeruhusu wauawe popote, hata na mtu aliye katika ihramu. Kwa hiyo anayesema kindi ni haramu kwa kuwa anafanana na panya anatumia macho yake, hatumii kitabu. Tena kuna tukio mashuhuri lililopokewa na Bukhari na Muslim, ambalo kwangu ndilo linalomaliza ubishi. Mtume aliwekewa nyama ya mjusi mkubwa wa jangwani, akaizuia mikono yake. Khalid bin Walid akamuuliza kama ni haramu, akajibiwa kuwa sivyo, ila mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake na nafsi yake haimtaki. Khalid akaivuta sahani akala, na Mtume anamtazama. Nafsi kukataa kitu ni jambo moja, sheria kukikataza ni jambo jingine, na yote mawili yalikaa kwenye mkeka mmoja bila ya mtu kutukanwa.

Wakristo nao hawako kundi moja. Wasabato, ambao mizizi yao Upareni, jirani zetu wa kaskazini, inaanzia mwaka 1903, wanafuata orodha ya kitabu cha Walawi, na mnyama asiye na kwato zilizopasuka wala asiyecheua hana nafasi mezani kwao. Kwa Waanglikana wa Magila na Wakatoliki wa Lushoto hakuna orodha kama hiyo. Kumwambia Msabato ale kindi ni kumkosea adabu, na kumcheka Mkatoliki anayemla ni kukosa adabu vile vile.

Sasa, ipo sababu ya kidini ambayo ina nguvu kuliko ile ya kinyaa, na ni ajabu kwamba haitajwi sana. Aya ya tatu ya Sura ya al-Maida inakataza mnyama aliyekufa kwa kunyongwa na aliyekufa kwa kupigwa. Tazama kindi anavyopatikana kwetu. Manati ni panda ya mti wa mpera, mipira miwili iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na kipande cha ngozi cha kushikia jiwe. Jiwe halikati, linaponda. Kindi akianguka mkavu chini ya mnazi, huyo amekufa kwa kipigo, na Bismillahi inayosomwa baada ya hapo haimrudishi kwenye uhalali. Mtego wa tanzi nao hunyonga. Mwenye mtego akifika asubuhi akamkuta amekauka, ni mzoga. Halali inapatikana pale tu mwindaji anapomuwahi mnyama akiwa bado ana uhai thabiti, akamchinja. Kwa mnyama ambaye mara nyingi hafiki nusu kilo na ambaye jiwe moja humtosha, kumuwahi si jambo la kila siku. Hivyo Mwislamu anayekataa kindi wa manati amekataa kwa haki, ila aseme kuwa tatizo ni jiwe na tanzi. Akisema hivyo, mazungumzo na jirani yake yanabadilika: badala ya kumwambia kuwa anakula uchafu, anamweleza sharti ambalo kuku na mbuzi pia wanalo.

Pingamizi la afya ndilo linalostahili heshima kubwa zaidi, na mkoa wa Tanga una sababu ya kulijua kuliko mikoa mingi. Kuanzia mwaka 1980, kwa zaidi ya miaka 20, milima ya Lushoto iliandamwa na tauni. Watu zaidi ya 7,000 waliugua, wakivimba mitoki ya kinena na kwapa, na mamia walikufa, ingawa ugonjwa huo hutibika kwa dawa za kuua bakteria mtu akiwahishwa hospitali. Tauni ni ugonjwa wa wagugunaji, kundi ambalo panya yumo na kindi pia yumo, na mbebaji wake ni kiroboto. Mnyama akifa mwili ukapoa, viroboto humhama wakatafuta mwili wenye joto. Mkono wa anayemwokota ndio ulio karibu. Ndiyo maana hatari kubwa iko pale pa kuokota, kubeba na kuchuna, kabla chungu hakijainjikwa. Nyama iliyochemka hadi kuiva haina kiroboto, na bakteria wa tauni hahimili moto. Upo pia ugonjwa wa mpox. Mwaka 2003 ulifika Marekani kwa shehena ya wanyama hai kutoka Ghana, ambao miongoni mwao walikuwamo kindi na panya buku. Kindi wa misitu ya Ghana na Kongo si wale wa pwani yetu, lakini tahadhari haina ubaya: mnyama aliyekutwa amekufa haguswi, anayeonekana mgonjwa haguswi, na mwenye kidonda mkononi hachuni. Haya ni maagizo ambayo mtu huyapokea akiheshimiwa. Anayeitwa mla uchafu hatamwambia mganga wa zahanati alichokigusa wiki iliyopita, na katika ugonjwa unaoua kwa siku chache kama tauni, taarifa hiyo ni uhai wake.

Limebaki suala la msitu, na hapo ndipo ninapokuwa mkali kidogo kwa upande wa wala kindi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 kuhusu uwindaji katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, ulionyesha kwamba kindi na sengi, ingawa walinaswa kwa wingi, waliweza kuhimili mavuno hayo, huku nyani na kima wakielemewa. Wanyama wadogo huzaa haraka, wakubwa hawazai hivyo. Mtu anaweza kuichukua habari hiyo kama ruhusa ya kuingia Amani na mitego. Haifai. Milima ya Usambara, ambamo Amani imo, ina kindi wake wa milimani, wa misitu ya milima ya mashariki mwa Tanzania peke yake, na msitu wenyewe umekatwakatwa na mashamba hadi kubaki vipande. Mtego wa tanzi nao hauchagui: uliowekewa kindi hunasa sengi, hunasa paa mdogo. Na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haiangalii ukubwa wa mnyama. Kuwinda kunataka kibali. Kindi anayefukua mahindi shambani na kindi wa ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ni kesi mbili tofauti kabisa, na wala kindi wenyewe ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kulitambua hilo.

Wapo watakaosema kwamba kuiondolea nyama hii fedheha ni kuwafungulia majangili mlango. Mimi naona fedheha ndiyo inayowafichia mlango. Tangu kanuni za mwaka 2020 ziruhusu mabucha ya nyamapori, nyama ya wanyama wakubwa inaweza kuuzwa hadharani ikiwa na karatasi zake. Kindi hayumo humo. Anapikwa kimya kimya, na kwa sababu ya aibu hakuna anayejua wangapi wananaswa, wapi, kwa mtego gani. Kamati za maliasili za vijiji vinavyopakana na misitu ya Usambara hukaa vikao kuhusu kuni, mbao na moto. Mitego midogo inaweza kuingia kwenye ajenda ya kikao hicho hicho, mradi anayesimama kueleza anachokula asianze kwa kuomba radhi.