Kijerumani Kimoja, Kibodi Mbili

Anayeandika Kijerumani Berlin na anayekiandika Zürich hawatumii kibodi ya namna moja. Ujerumani na Austria zina mpangilio wa pamoja: safu ya juu ya herufi huanza na QWERTZ. Z, ambayo Kijerumani huitumia zaidi kuliko Y, imekaa katikati; Y, inayotokea hasa katika maneno ya kigeni, imepelekwa chini kushoto. Ü iko baada ya P, Ö na Ä baada ya L, na ß kando ya sifuri.

Uswisi nayo ina QWERTZ, ila ß haimo. Waswisi huandika ss, na gazeti la Neue Zürcher Zeitung liliacha ß mwaka 1974. Kazi ngumu kwao ilikuwa kuwahudumia wasemaji wa Kijerumani na wa Kifaransa kwa kibodi ileile. Basi kitufe kimoja hubeba ü na è, cha pili ö na é, cha tatu ä na à. Ukichagua mpangilio wa Kijerumani, ü hutoka kwanza na è hutaka Shift. Ukichagua wa Kifaransa, mambo hugeuka. Naupenda uamuzi huu, maana hakuna aliyenyimwa herufi za lugha yake. Lakini una gharama. Shift imekwisha kupewa kazi, hivyo kupata Ü kubwa lazima uwashe Caps Lock, au ubonyeze kwanza kitufe cha nukta mbili, kisha U kubwa. Na Kijerumani huanza kila nomino kwa herufi kubwa!

Kibodi yenyewe haijui herufi. Hutuma namba ya kitufe tu. Programu ya kompyuta ndiyo huamua kitokee nini. Kwa hiyo mpangilio hubadilishwa bila kununua kibodi mpya.

Jambo hili linamgusa sana Mswahili anayeishi Ujerumani. Vidole vilivyozoea QWERTY vikikusudia “kalamu yangu”, huandika “kalamu zangu”: kalamu moja imekuwa nyingi, na kikagua tahajia hakitalalamika, kwani yote mawili ni Kiswahili sahihi. Anayechapa bila kutazama vitufe aongeze mpangilio wa QWERTY. Kwenye Windows atahama kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na nafasi. Anayetazama vitufe afadhali ajifunze QWERTZ, kwa sababu akihamia QWERTY, alama zilizochapwa juu ya vitufe zitampotosha.